Tupake Rangi Nyumbani Kabla ya Noeli na Bonane, au Tungoje?



Kila mwaka mwezi wa Novemba ukifika, katika mitaa yetu ya Bujumbura, toka Kamenge na Kinama hadi Buyenzi, Bwiza, Musaga na Kanyosha, swali moja linasikika katika nyumba nyingi: tupake rangi ndani kabla ya sikukuu, au tuache? Mama anaona ukuta wa sebule umeingia moshi. Watoto wameandika kwa mkaa nyuma ya mlango. Wageni watakuja siku ya Noeli, wengine siku ya Bonane. Baba anahesabu mshahara kichwani, kisha ananyamaza.

Hili si jambo dogo, wala si jambo la kuoneana haya. Mfanyakazi anayetaka nyumba safi hafanyi anasa. Anayetoka kiwandani jioni, au anayeshuka kutoka shamba la chai na baridi mwilini, ana haki ya kupumzika mahali penye kupendeza macho. Lakini tumeona pia nyumba zilizopakwa rangi tarehe 23 Desemba, na mwezi wa Februari rangi inaanguka chini kama maganda, na deni la duka bado halijalipwa. Ndiyo maana tunaleta maelezo haya.

Msingi wetu ni huu: rangi ni nguo ya ukuta, si dawa yake. Ukuta mgonjwa ukivikwa nguo mpya unabaki mgonjwa, na nguo yenyewe inaharibika. Basi kabla ya kununua kopo, tujiulize maswali manne kwa utaratibu wake. Ukuta ni mkavu? Nyumba ni ya nani? Fedha ni za nani? Siku zinatosha? Jibu la swali moja likiwa baya, afadhali kungoja.

1. UKUTA NI MKAVU?

Mvua za mji wetu twazijua. Zinaanza Septemba au Oktoba, zinakwenda mpaka Mei, pengine na kipumziko kifupi katikati. Mwezi wa Juni, Julai na Agosti ni kiangazi chenyewe. Kwa hiyo Noeli na Bonane huangukia ndani ya majira ya mvua. Hata ndugu zetu Waislamu hawakusalimika katika miaka hii: Idi ya kufungua iliangukia Aprili 10 mwaka 2024, na mwisho wa Machi mwaka 2025, yaani wakati wa mvua kubwa. Idi hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, basi itachukua miaka mingi kabla ya kufika kiangazi.

Kwa nini mvua inatuhusu, nasi tunapaka ndani? Rangi ya maji hukauka kwa sababu maji yake yanatoka na kwenda hewani. Hewa ikiwa imejaa unyevu, maji hayo hayana pa kwenda. Tena, ukuta wenyewe ukiwa umelowa, maji yake yanatafuta njia ya kutoka, na njia ni ile rangi mpya. Yanaisukuma, inafanya malengelenge, inabanduka.

Unyevu huingia kwa njia tatu. Ya kwanza ni juu: bati lenye tundu, au msumari uliolegea. Ya pili ni chini: ukuta uliojengwa bila msingi wa mawe mazuri hunywa maji ya ardhini kama utambi unavyonywa mafuta. Nyumba za rukarakara, yaani matofali ya udongo yasiyochomwa, ndizo zinazoumia zaidi. Dalili yake ni alama nyeusi inayopanda kutoka sakafuni, au unga mweupe kama chumvi juu ya lipu. Ya tatu ni ndani: kupika, kuanika nguo, na watu wengi kulala chumba kimoja na dirisha limefungwa.

Kuna jaribio rahisi. Chukua kipande cha plastiki safi, kadiri ya karatasi ya daftari. Kibandike ukutani, uzibe kingo zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ukutani, ukuta una maji ndani yake: usipake. Ukikuta matone upande wa chumbani, unyevu ni wa hewa ya nyumba: fungua madirisha, badilisha mahali pa kupikia, kisha jaribu tena. Pasipo matone pande zote, una ruhusa ya kuendelea.

Wenye nyumba zilizoingiwa na maji wawe na subira zaidi. Tangu mwaka 2020 maji ya mto Rusizi na ya Ziwa Tanganyika yameingia zaidi ya mara moja katika nyumba za Gatumba. Ukuta uliosimama majini haukauki kwa juma moja. Unataka miezi, na milango wazi. Vivyo hivyo lipu mpya ya saruji: ipewe majuma manne kwa uchache kabla ya rangi.

Neno moja kwa wenzetu wa milimani. Mwishoni mwa mwaka 2000 na katika mwaka 2001 malaria iliwapiga vibaya watu wa Kayanza, Ngozi na Karuzi. Baadaye nyumba nyingi za sehemu hizo zilipuliziwa dawa ya mbu kwenye kuta za ndani. Dawa hiyo hukaa juu ya ukuta, mbu akitua inamwua. Basi kama nyumba yako imepuliziwa dawa, usipake rangi wala chokaa juu yake kabla nguvu ya dawa haijakwisha. Hudumu miezi kadhaa, kufuatana na dawa iliyotumika, waulize waliopuliza. Mwenye kuifunika dawa kwa rangi amewafungulia mbu mlango.

2. NYUMBA NI YA NANI?

Wengi wetu ni wapangaji. Mpangaji anayepaka nyumba ya mwenyewe kwa fedha zake, bila mapatano, ametoa zawadi. Pengine mwezi wa Machi mwenye nyumba ataona nyumba imependeza, apandishe kodi, au alete mpangaji mwingine. Hapo mfanyakazi amelipia ukuta wa mwenzake.

Hatusemi wenye nyumba wote ni wabaya. Tunasema hivi: kabla ya brashi, karatasi. Nenda kwa mwenye nyumba kwa heshima, umwonyeshe ukuta. Patanani mambo matatu: nani ananunua rangi, nani anamlipa fundi, na kama ni wewe, fedha hizo zitakatwa kwenye kodi ya mwezi gani. Andikeni, mtie sahihi wote wawili, kila mmoja abaki na nakala. Bati likivuja, ziba la bati litangulie, kwa kuwa hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Asipokubali hata kidogo, usitie fedha nyingi. Osha ukuta, na hiyo inatosha.

Walio katika nyumba za kampuni, hasa kwenye mashamba makubwa, swali lao ni jingine. Mkataba namba 110 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliopitishwa Geneva mwaka 1958 kwa ajili ya wafanyakazi wa mashamba makubwa, unataja makazi yao pia: vifaa vya kujengea, ukubwa wa nyumba, hewa, maji, mahali pa kupikia. Maana yake ni kwamba nyumba ya mfanyakazi wa shambani si jambo la hisani tu. Kuta zinazotoa maji katika safu nzima ya nyumba hazitaki kopo la rangi la mtu mmoja mmoja. Zinataka wajumbe wa wafanyakazi wazihesabu, waandike namba za nyumba na hali ya kila moja, wapeleke orodha hiyo kwa mwajiri. Mtu mmoja akilalamika ataambiwa nyumba yake tu ndiyo mbaya. Orodha ya nyumba 20 haiambiwi hivyo.

3. FEDHA NI ZA NANI?

Tufanye hesabu pamoja, maana wengi hununua rangi kwa kukisia. Chukua chumba cha mita 4 kwa mita 3, chenye kimo cha mita 2 na nusu. Jumlisha urefu wa kuta zote nne: 4 na 3 na 4 na 3, ni mita 14. Zidisha kwa kimo: 14 mara 2.5 ni mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha, kama mita 3. Zinabaki 32. Rangi hupakwa mara mbili, basi ni mita 64 za mraba.

Lita moja ya rangi ya maji hufunika kadiri ya mita 10 za mraba juu ya ukuta laini. Juu ya ukuta wenye kukwaruza, au ambao haujapakwa kamwe, hesabu mita 8, pengine chini ya hapo. Kwa hiyo chumba hiki kinataka lita 7 hadi 8. Uliza bei ya dukani leo, si ya mwaka jana. Ongeza brashi, msasa, na kitu cha kuziba nyufa. Ongeza ujira wa fundi. Hapo ndipo utajua bei halisi ya chumba kimoja, na nyumba ya vyumba vitatu si mara moja tena.

Sasa tazama kalenda. Mshahara wa Desemba ukitolewa mapema, tuseme tarehe 20, kwa ajili ya sikukuu, watu hufurahi. Lakini toka Desemba 20 mpaka Januari 31 ni siku 42. Mshahara uliozoea kulisha nyumba siku 30 unatakiwa kulisha siku 42, na katikati kuna Noeli, kuna Bonane, kuna daftari na viatu vya watoto wanaorudi shule Januari. Rangi ikiingia hapo, inakula wapi? Inakula chakula cha Januari.

Kwa hiyo tunasema wazi. Fedha ya rangi iwe ile iliyokwisha kuwekwa pembeni kabla ya Desemba. Isiwe avansi juu ya mshahara wa Januari. Isiwe mkopo wa dukani. Mwenye duka anayekupa makopo kwa mkopo hakupi sikukuu. Anajiandikia sehemu ya jasho lako la mwezi ujao. Na mume asiamue peke yake, wala mke peke yake. Wakae wawili na karatasi, kodi na chakula na shule viandikwe kwanza, na rangi iandikwe mwisho.

Fundi rangi naye tusimsahau. Ni mfanyakazi kama sisi, tena wa siku kwa siku. Patana naye bei ya kazi nzima kabla hajaanza, na umlipe siku anayomaliza. Haifai sisi tunaodai mishahara yetu itolewe kwa wakati tumwambie fundi arudi baada ya Bonane. Yeye pia ana watoto.

4. SIKU ZINATOSHA?

Kazi ya rangi nzuri ni maandalizi zaidi kuliko kupaka. Siku ya kwanza ni kutoa vitu na kuosha ukuta kwa maji na sabuni, hasa penye moshi na mafuta, maana rangi haishiki juu ya uchafu. Penye kuvu, osha kwa maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, na usiichanganye na dawa nyingine yoyote. Siku ya pili na ya tatu ni kukausha, kuziba nyufa na kupiga msasa. Siku ya nne ni mkono wa kwanza wa rangi. Wakati wa kiangazi mkono wa pili ungefuata siku hiyo hiyo. Wakati wa mvua ngoja mpaka kesho yake. Kisha siku chache za kuacha madirisha wazi. Na siku ya mvua kubwa kazi husimama.

Kwa hiyo hesabu siku 10 kwa uchache, hata kwa chumba kimoja, kwa kuwa wengi tunafanya jioni na siku za mapumziko tu. Kama tarehe 10 Desemba imefika na hujaosha ukuta, mwaka huu umepita. Usianze tarehe 20. Utawakaribisha wageni katika nyumba iliyogeuzwa nusu, vitanda viko nje, na harufu inawaumiza kichwa.

AFYA INATANGULIA

Jambo hili tunalisema kwa mkazo. Rangi ya mafuta na dawa ya kuizimua hutoa mvuke. Mvuke huo huumiza kichwa, hutia kizunguzungu, na hushika moto. Usipake rangi ya mafuta huku jiko la makaa linawaka chumbani. Mtoto mchanga, mama mjamzito na mwenye pumu wasilale katika chumba hicho mpaka harufu iishe. Mwaka 1989 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba kazi ya upakaji rangi, kwa mtu anayeifanya kila siku, inaleta saratani. Basi tumfungulie fundi madirisha, na tusimfungie chumbani ili vumbi lisitoke.

Kuna pia madini ya risasi. Zamani yalitiwa katika rangi ili iwe nyeupe na idumu, na hata leo rangi za namna hiyo hazijakwisha duniani. Risasi huharibu akili za watoto wadogo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Wafanyakazi walipigana na sumu hii zamani. Nchini Ufaransa sheria ya mwaka 1909 ilipiga marufuku rangi nyeupe ya risasi, ikaanza kutumika mwaka 1915. Mwaka 1921 mkutano wa Shirika la Kazi la Kimataifa huko Geneva ulipitisha mkataba namba 13 wa kuzuia rangi hiyo ndani ya majengo, isipokuwa mahali pachache. Mafundi rangi walikuwa wamekwisha kufa wengi.

Inatuhusu vipi? Milango na madirisha ya nyumba za zamani, kama zile za Ngagara zilizojengwa miaka ya 1950 wakati mtaa ukiitwa OCAF, huenda yakawa na rangi za mafuta za miaka mingi, tabaka juu ya tabaka. Usizikwaruze kavu, wala usizichome moto. Lowesha kwa maji kwanza, kusanya maganda yote, uyatupe mbali na watoto, osha sakafu kwa maji badala ya kufagia. Na unapochagua rangi mpya, chagua yenye maandishi kuwa haina risasi. Kopo lisilo na jina wala maandishi, hata likiwa rahisi, liache dukani.

KAMA JIBU NI HAPANA

Kungoja si kukaa bure. Kwa sikukuu hii fanya mambo matatu. Osha kuta zote. Utashangaa ukuta uliodhaniwa umekufa kumbe ulikuwa na moshi tu. Ziba bati linalovuja. Na ukiwa na fedha kidogo, paka chumba kimoja tu, kile cha kupokelea wageni, kama ukuta wake ulipita lile jaribio la plastiki.

Wenye kuta za lipu au udongo ambazo hazijapakwa rangi ya mafuta wafikirie chokaa. Bei yake ni ya chini, kuvu haiipendi, nayo huacha ukuta upumue. Loweka chokaa usiku mzima, chuja, nyunyizia ukuta maji kidogo, paka nyembamba mara mbili au tatu. Ila linda macho na mikono, kwa kuwa chokaa huunguza. Ubaya wake ni kwamba huacha weupe kwenye nguo za anayeegemea.

Kisha tuanze kujiandaa kwa mwezi wa Julai. Watu wa parseli moja, au wa zamu moja kiwandani, wanaweza kufanya upatu toka Februari. Fedha zikikusanyika, mnanunua makopo makubwa, ambayo lita yake huwa rahisi kuliko ya makopo madogo, mnagawana. Brashi moja nzuri itafanya kazi katika nyumba tano. Msaidiane kwa mikono siku za mapumziko, nyumba baada ya nyumba. Kuta zitakuwa kavu, madirisha wazi, na mshahara haujafungwa na sikukuu. Rangi hiyo ndiyo itakayokuwa bado ukutani wageni wa Noeli watakapofika.

Tukumbuke kwa kifupi: ukuta mkavu, mapatano kwa maandishi, fedha zisizo za deni, siku zisizopungua 10. Ukiwa navyo vyote vinne, paka, na Mungu akupe sikukuu njema. Kimoja kikikosekana, osha ukuta, pika chakula kizuri, ukae na wageni wako bila haya. Mwezi wa Januari hautakuuliza kuta zako zilikuwa na rangi gani. Utakuuliza kama watoto wamekula na kama wamerudi shule.